Kodi inamfuata asiyeweza kukwepa

Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua huwa mnakata barua ndefu ila hii naomba muiache ilivyo, maana kila ukifika msimu wa bajeti tunaishia kuongelea bia na sigara zimepanda shilingi ngapi halafu basi, lile swali la nani hasa anaubeba mzigo wa kodi hapa nchini linapita juu juu. Mi nina sababu ya kuuliza, kazi yangu ni kuandaa mishahara kwenye kampuni moja ya binafsi hapa Dar, kila mwisho wa mwezi naziona slipu za wote kuanzia mlinzi wa getini mpaka mkurugenzi, na jioni nikirudi nyumbani mi ni mpangaji kama wapangaji wengine, kwa hiyo haya mambo nayaona kwa pande mbili.

Wanaosema mfumo wetu uko fea wana hoja na tusiwadharau. Chukua mtu wa laki nne kwa mwezi. Inatoka NSSF, yani mfuko wa pensheni, elfu 40, inabaki 360,000, hapo 270,000 ya kwanza haiguswi kabisa, kilichozidi ambacho ni elfu 90 kinakatwa asilimia 8, PAYE yake, yani kodi ya mshahara, ni 7,200 tu. Sasa mkurugenzi wa milioni 20, akishatoa NSSF milioni mbili zinabaki 18 za kukatwa kodi na PAYE yake inakuja 5,228,000. Yani kodi ya mkurugenzi mmoja ni sawa na ya watu mia saba na ushee wa laki nne nne. Kwa hiyo bosi akikwambia yeye ndo anaiendesha hii nchi hajadanganya sana, kwenye PAYE walau.

Ila hebu tazameni vile viwango vilivyopangwa. Mpaka 270,000 sifuri, mpaka 520,000 asilimia 8, mpaka 760,000 asilimia 20, mpaka milioni moja asilimia 25, na kuanzia hapo 30. Basi, imeisha. Kutoka 8 unarukia 20 kwa mpigo! Halafu nesi au mhasibu mwenye milioni moja na laki mbili yuko kwenye kiwango kile kile cha juu na mtu wa milioni 20. Akifanya ovataimu ya elfu kumi, buku inaenda NSSF, kwenye elfu tisa iliyobaki 2,700 inaenda kodi, anaondoka na 6,300, na mkurugenzi kila elfu kumi yake ya ziada anabaki nayo 6,300 hivyo hivyo. Kenya mwaka 2023 waliongeza viwango viwili juu, 32.5 kwa anayezidi shilingi zao laki tano kwa mwezi na 35 kwa anayezidi laki nane, na sisemi Kenya ndo peponi maana tuliona wote vijana wao walivyoingia barabarani mwaka uliofuata kwa sababu ya muswada wa fedha, nasema tu kwamba inawezekana kumtofautisha mtu wa milioni moja na mtu wa milioni ishirini na mbingu isianguke.

Na hiyo 270,000 ya bure, mnajua imekaa hapo tangu lini? Tangu Julai 2020. Mwaka ule nauli ya daladala ya safari fupi Dar ilikuwa 400, ikaja 500 mwaka 2022, ikaja 600 Desemba 2023, kila kitu kimepanda ila kile kiwango kimegoma kupanda. Matokeo yake yanaonekana vizuri kwa watumishi wa umma wa kima cha chini. Walipokuwa wanalipwa 300,000, ukitoa asilimia 5 ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kodi yao ilikuwa 1,200. Mwaka 2022 wakapandishwa mpaka 370,000, kodi ikawa 6,520. Mei Mosi ya 2025 Rais akatangaza 500,000 kuanzia Julai, watu tukashangilia na ilistahili kushangiliwa, ila kodi ikawa 16,400. Mshahara umepanda asilimia 35 na kodi imezidi mara mbili, na hakuna mbunge aliyesimama kusema tunaongeza kodi kwa watu wa kima cha chini, imejiongeza yenyewe kimya kimya kwa sababu mstari umeachwa pale pale ulipochorwa 2020.

Mtu atasema 16,400 si hela. Sawa, kama una gari.

Na huyo wa milioni 20 tumsifu kwa kitu kimoja, yupo kwenye orodha ya mishahara na anakatwa kabla hajaishika. Aliye juu yake zaidi wala haishi kwa mshahara, anakula gawio, na gawio linakatwa asilimia 10, na kama kampuni imeorodheshwa soko la hisa la Dar es Salaam ni 5. Najua watu wa uhasibu watanirukia, kwamba kampuni ilishalipa asilimia 30 ya faida kabla gawio halijatoka. Kweli, pale ambapo faida imeonyeshwa. Kwenye slipu za mishahara hakuna kuonyesha wala kuficha, mimi ndo naandaa na najua.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi zaidi. Nendeni mkaangalie meseji ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwenye simu zenu. Ukinunua ya elfu kumi mara ya kwanza kwenye mwezi, kabla ya chochote inaondoka 1,500, kwenye meseji wanaiita deni lililokusanywa, kumbe ndo kodi ya majengo. Inabaki 8,500. Humo ndani kuna VAT (kodi ya ongezeko la thamani) asilimia 18, EWURA (wadhibiti wa nishati) asilimia 1, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3, umeme wenyewe unabaki kama 6,967 hivi. Kama nyumba iko kwenye bei ya 292 kwa uniti hapo unapata uniti 23 na pointi. Elfu kumi hiyo, na karibu theluthi nzima haijawasha hata taa.

Hii kodi ya majengo ilianza kupita kwenye LUKU Agosti 2021, buku kwa mwezi, Julai 2023 ikawa 1,500. Kwa kukusanya ni rahisi kupita maelezo, serikali haihitaji kumfuata mtu wala kuchapa ankara, na nakumbuka foleni za zamani za kulipia kodi ya jengo sitaki zirudi. Lakini nani analipa? Anayenunua umeme. Na Dar hii anayenunua umeme mara nyingi sio mwenye nyumba. Ninapokaa mimi tuko wapangaji sita mita moja, tunachanga, mwenye nyumba hata haishi hapo, na kodi ya jengo lake tunamlipia sisi wenye vitanda na majiko. Tulipouliza tukajibiwa yaleyale waliyojibiwa wapangaji wengi mwaka ule wa 2021, kwamba mkubaliane wenyewe mpangaji na mwenye nyumba. Jamani, mnazijua nyumba za kupanga za Dar? Mtu anakudai miezi sita cash mkononi, nyuma yako wamesimama wengine watatu wanaisubiri hiyo hiyo chumba na sebule, halafu wewe ndo uanze kumwambia mzee naomba nikukate 18,000 ya serikali. Atakuangalia tu.

Halafu kuna kitu wengi hawakizungumzii. TANESCO wana bei ya chini kwa watumiaji wadogo, shilingi 100 kwa uniti kwa nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, lengo lake zuri kabisa, maskini apate nafuu. Ila nafuu inahesabiwa kwa mita, haihesabiwi kwa watu. Sisi sita kila mmoja akitumia uniti 20 tu, feni na simu na taa, mita inasoma 120, tunatupwa kwenye 292. Mtu anayeishi peke yake na mita yake na jiko la gesi anaweza kabisa kukaa kwenye 100. Na kwa vile VAT ni asilimia ya bei, kwenye uniti moja ile ile sisi tunalipa VAT karibu mara tatu ya yeye. Yani tumepangwa chumba kimoja kimoja kwa sababu hatuna hela halafu kule kupangwa kwenyewe ndo kunatufanya tuonekane matajiri wa umeme.

Na kiwango chenyewe ni cha jumla. Nyumba ya kawaida isiyo ghorofa 1,500, iwe ya vyumba viwili Mbagala kwenye mteremko ambapo mvua ikinyesha watu wanalala macho, iwe ya Masaki ina bustani na boti wanaiona kwa dirishani. Elfu 18 kwa mwaka wote. Ghorofa za mijini ndo zina 7,500 kwa kila sakafu, sawa, ila mwenye hela akijenga kwa upana badala ya urefu amepona. Zamani nyumba zilizofanyiwa uthamini zilikuwa zinalipa kulingana na thamani yake, tukaja kwenye kiwango cha jumla 2018 kwa sababu kuthamini nyumba zote ni gharama na wathamini hawatoshi. Sababu naielewa. Lakini huhitaji mthamini kujua kwamba kiwanja cha Oysterbay na kiwanja cha Chamazi havilingani, hata dalali wa kijiweni anakupigia hizo bei bila kuangalia karatasi, wekeni viwango kwa mtaa tu mambo yatakuwa bora kuliko sasa. Na wazee wa miaka 60 na kuendelea sheria inawasamehe kwenye nyumba wanayoishi, jambo jema, ila msamaha mpaka uufuatilie mwenyewe na mita inakata bila kuuliza umri.

Mnaona mtindo ulivyo. Kodi inakwenda pale ambapo hela inapita kwenye mrija mwembamba na huwezi kuchepuka, na wanaopita humo ni walewale.

Haijaanza leo. Mwaka 2017 ile ada ya mwaka ya leseni ya gari, motovehiko kama tulivyozoea kuiita, ilifutwa, wenye magari wakapumua na kwa kweli ile ada ilikuwa kero, trafiki walikuwa wanajipigia nayo tu. Ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Kwenye petroli, dizeli, na mafuta ya taa. Mafuta ya taa! Bibi yangu alikuwa kijijini na koroboi yake hajawahi kumiliki hata baiskeli, akaanza kumchangia mwenye Prado ada ya barabara. Sababu iliyotolewa ni uchakachuaji, kwamba mafuta ya taa yakiwa rahisi wajanja wanayachanganya kwenye dizeli, na ni kweli walikuwa wanachanganya, ndo maana hata 2011 ushuru wake ulipandishwa kwa kishindo. Ila angalieni nani alichakachua na nani akalipa.

Tozo za miamala ya simu sina haja ya kuzirudia sana, kila mtu anazikumbuka. Julai 15, 2021, kutoka shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala, kwenye kutuma na kwenye kutoa, na hapo ada ya kampuni ya simu iko pembeni na yenyewe ina VAT na ushuru ndani. Mwenye milioni tano alikuwa anaenda benki anahamisha, mwenye elfu 30 ya kumtumia mama dawa ndo alikuwa hana njia nyingine. Kelele zikapigwa, ikapunguzwa asilimia 30 mwaka uleule, 2022 ikapunguzwa tena ila ikaingizwa na kwenye benki, na angalieni maajabu, ilipogusa benki tu haikumaliza miezi mitatu zikatangazwa nafuu kibao, mpaka 2023 ikaondolewa kwenye kutuma na ya kutoa ikabaki. Watu wa wizarani walisema vituo vya afya na madarasa yamejengwa kwa hela ile na mi sibishi, majengo yapo tunayaona. Hela ya zahanati lazima itoke mahali. Ubishi wangu ni kwamba ilitoka kwa anayeitumia hiyo zahanati kuliko kwa anayetibiwa India.

Kuna upande mwingine wa huu mjadala na nisipousema nitakuwa sijatenda haki. Wafanyakazi wenzangu wengi wanaamini wafanyabiashara hawalipi kodi, kwamba sisi wa mishahara ndo tunaumia peke yetu. Ukienda Kariakoo ukauliza bei ya kitu unaulizwa na wewe, na risiti au bila risiti? Bei mbili. Kila mtu anajua, na wengi wetu hao hao tunaolalamika tunachukua ya bila risiti. Lakini wale jamaa waligoma Mei 2023 mpaka Waziri Mkuu akaja kukaa nao Mnazi Mmoja, wakagoma tena Juni 2024 na safari hiyo ikasambaa mpaka Mwanza na Mbeya, hawakufunga maduka kwa starehe. Mfanyabiashara mdogo asiyeweka kumbukumbu analipa kwa makadirio ya mauzo, na mauzo sio faida. Aliyeuza milioni 10 kwa mwaka analipa 250,000 awe amepata faida ya milioni tatu au awe amekula mtaji. Mimi nikifukuzwa kazi kesho PAYE yangu inakuwa sifuri siku hiyo hiyo, yeye akiwa na mwaka mbaya makadirio hayajui kama mwaka ulikuwa mbaya. Kwa hiyo tusigombanishwe. Mtu wa laki nne na mwenye genge sio maadui.

VAT nitaigusa kidogo tu. Chakula kisichosindikwa na unga wa mahindi havina VAT, tuseme ukweli, hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu wa chini. Ila sabuni ina 18, dawa ya meno ina 18, taulo za kike waliziondolea VAT 2018 halafu wakairudisha 2019 kwa maelezo kwamba bei haikushuka dukani, yani wafanyabiashara walikula msamaha na adhabu akapewa binti wa shule. Na bajeti ya 2025/26 ikaja na punguzo, VAT 16 badala ya 18 kwa mteja anayelipa kwa benki au mtandao. Wazo zuri, hela ionekane. Lakini nani anapata hizo asilimia mbili? Mwenye kadi kwenye supamaketi. Duka la Mangi mtaani halijasajiliwa VAT maana mpaka mauzo yafike milioni 200 kwa mwaka, Mangi kanunua jumla na VAT ndani na hana pa kuidai irudi, kaiweka kwenye bei, ukimlipa kwa simu ukimlipa kwa noti bei ni ile ile.

Rais aliunda Tume ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue ikazinduliwa Oktoba 2024, watu wakatoa maoni, wafanyabiashara walisikika sana na walistahili kusikika kwa sababu wana jumuiya na wana sauti. Wapangaji hatuna jumuiya. Mimi ningekuwa na dakika tano mbele ya tume ile ningesema kiwango cha 270,000 kipandishwe kila mwaka kwa mfumuko wa bei bila kusubiri huruma ya waziri, viongezwe viwango juu ya milioni moja ili huyu nesi apumue na wa milioni 20 achangie zaidi kidogo, na kodi ya jengo ifungwe kwenye TIN, namba ya mlipakodi, ya mwenye jengo iondoke kwenye mita. Mtu akinunua kiwanja jina lake linaandikwa, akitaka mkopo benki nyumba inajulikana ni ya nani, inakuwaje kwenye kodi tu ndo mwenye nyumba hajulikani?

Kuna wataosema ukimbana mwenye nyumba atapandisha pango na mpangaji atalipa vilevile. Inawezekana. Ila pango likipanda naliona, nabishana nalo, nahama. Ile 1,500 nakatwa nikiwa gizani nimeshikilia simu nasubiri namba za kuingiza kwenye mita.

Ombi langu kwenu nyie wa gazeti ni dogo. Kila Juni bajeti ikisomwa Dodoma kesho yake mnatoa ile orodha ya vilivyopanda na vilivyoshuka, na picha ya waziri na mkoba. Mwaka huu wekeni pembeni jedwali moja zaidi, mtu wa laki tatu, wa milioni moja, wa milioni ishirini, mwenye genge na mpangaji, kila mmoja analipa jumla ngapi kwa mwezi ukijumlisha PAYE, umeme, mafuta, simu na sabuni, na hiyo ni asilimia ngapi ya hela yake. Hesabu za mishahara nipo tayari kuwasaidia bure, namba yangu mnayo hapo chini ila msiichape.

Msomaji wenu,
Mpangaji, Tabata, Dar es Salaam